Funguo Kumi na Moja za Dionisi

Jina alilobatizwa lilikuwa Dionisi, na ndilo lililoandikwa katika kitambulisho chake cha taifa na katika daftari la jumuiya yake ndogo ndogo. Lakini mtaani kwake, pale Ifakara, mgeni akiulizia nyumba ya Dionisi alijibiwa kwa swali: "Dionisi yupi?" Akiulizia Bwana Funguo, hata mama muuza vitumbua alinyoosha mkono bila kuinua macho kutoka kwenye kikaango.

Jina hilo lilizaliwa na mvua. Mvua za mwaka zikishika, mji ule hupungua kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Familia nyingi za pale zina makazi mawili: nyumba ya matofali mjini, na kibanda cha shambani, huko Idete, Mbingu au ng'ambo ya mto baada ya daraja la Kivukoni. Kuanzia Januari hadi mavuno, mtaa unahamia shamba kulima, kupalilia, kisha kulinda mpunga usiliwe na ndege mchana na nguruwe pori usiku. Watoto wa shule hupelekwa kwa bibi zao, nyumba hufungwa kwa kufuli, na kufuli hutazamwa kwa matumaini.

Hata hivyo, nyumba iliyofungwa katika bonde la Kilombero haikai bure. Popo huhamia darini wakiwa ukoo mzima. Mchwa hupanda kwenye miimo ya milango. Magodoro huota ukungu, na bati lililokuwa zima siku ya kuondoka hupata tundu lisilojulikana limetokea wapi.

Dionisi, aliyekuwa fundi cherehani, hakuhamia shamba. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akiwinga ndege kwa kupiga debe, alianguka kutoka kwenye dungu la baba yake, yaani kile kichanja kirefu cha miti wanachokaa walinzi wa mpunga. Mguu wake wa kushoto ukaunga vibaya, naye akaapa kwamba hatapanda tena juu ya kitu chochote kinachozidi kimo cha kiti. Mkewe, Kristina, alilima peke yake huko Idete, na kila mwaka alimwambia kwamba kiapo chake kilikuwa kimeletwa na uvivu, mguu ulikuwa shahidi tu.

Basi mwaka mmoja jirani akamwachia ufunguo kwa wiki mbili. Jirani alirudi baada ya miezi mitano, akakuta nyumba imefagiliwa, inanukia moshi wa pumba za mpunga uliofukuza popo, na chini ya kila tundu la bati kuna sufuria. Mwaka uliofuata majirani watatu walileta funguo. Baadaye zikawa saba. Mwaka huu tunaousimulia zilikuwa kumi na moja, zote kwenye mkanda wake, na kila mmoja umefungwa utepe wa kitambaa alichowahi kumshonea mwenye nyumba. Ufunguo wa Mama Octavian ulikuwa na kitenge cha njano cha kipaimara cha mwanawe. Wa Kabula ulikuwa na kaniki nyeusi. Dionisi alitembea funguo zikilia kama njuga, akachechemea kwa mahadhi, na watoto walijua amefika kabla hajakata kona.

Kazi yake aliifanya kwa ratiba. Jumatatu nyumba tatu, Jumanne tatu, Alhamisi tatu, Ijumaa mbili. Katika kila nyumba alifungua madirisha, alifagia, alifukiza, kisha alikaa sebuleni robo saa nzima akiwa amekunja mikono, kwa sababu aliamini kuwa nyumba isiyokaliwa na mtu hujisahau. Mavuno yakifika, kila mwenye nyumba alimletea debe la mchele mpya.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu, ila watu walikuwa wamelizoea hata wakaacha kuliona. Katika funguo zote hizo, hapakuwa na hata mmoja wa nyumba yake. Dionisi alikuwa mpangaji. Yeye na Kristina walikaa katika vyumba viwili vya uani kwa Mama Octavian, na walikuwa wamekaa humo kwa miaka kumi na minane.

Habari zilizotikisa mtaa zililetwa na Omega, dalali wa nyumba, kijana mwenye simu mbili na viatu vyeupe ambavyo matope ya Ifakara hayakuwahi kuvigusa, wala hakuna aliyejua kwa nini. Mwanzoni mwa Januari alizunguka mashambani kwa bodaboda akiwatangazia wenye nyumba kwamba mradi mmoja mkubwa unakuja bondeni, nao unakuja na wageni themanini kutoka nje ya nchi. Wataalamu. Wanunuzi. Watu wa kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wengine, alisema Omega, watanunua kabisa nyumba zenyewe.

Mtendaji wa mtaa alijaribu kueleza kwamba mtu asiye raia hauziwi ardhi kama auziwavyo mchicha, kuna sheria na kuna taratibu. Watu walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaenda kuulizia bei ya vigae.

Ndani ya wiki tatu kodi ya chumba kimoja mjini ilifika pale ambapo zamani ilifika kodi ya nyumba nzima yenye ua na mwembe. Mafundi wangepata kazi nyingi, kama wangekuwepo. Lakini mafundi nao walikuwa shambani, kila mmoja kwenye dungu lake. Ndiyo maana choo cha kukaa alichonunua Mama Octavian, cheupe kama jino la mtoto, kilikaa sebuleni kwake katikati ya makochi kikisubiri mtu wa kukijenga. Dionisi alikifuta vumbi kila Alhamisi.

Mama Octavian mwenyewe alikuja kutoka Mbingu siku moja, matope yamemfika magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Huko shamba wazima?"

"Wazima. Ila ngedere ndio wazima zaidi." Akakaa kwenye benchi la wateja wa cherehani, akalitazama anga, akalitazama benchi, akashusha pumzi. "Baba, wewe nimekaa nawe miaka kumi na minane. Wewe si mpangaji. Wewe ni ndugu."

"Nashukuru."

"Na ndugu hafukuzwi."

"Nashukuru zaidi."

"Kwa hiyo sikufukuzi. Nakuomba tu uhame."

Dionisi aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Nihame lini, mama?"

"Mgeni akipatikana. Omega amesema wageni wanataka nyumba nzima na uani. Na kwa kuwa ufunguo unao wewe, akija umwonyeshe vizuri. Na vyumba vyako umwonyeshe. Uvifagie kabisa."

"Nimwonyeshe mgeni vyumba vyangu ili anitoe?"

"Sasa baba, nimwamini nani mwingine?"

Jioni ile Dionisi alimpigia simu Kristina akamweleza yote.

"Ngoja nihesabu," alisema Kristina. "Una funguo kumi na moja na huna mlango."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi ingia nyumba mojawapo ukae. Mwenye ufunguo huingia. Si ndivyo milango inavyofanya kazi?"

"Nimepewa ufunguo wa kufungulia madirisha, mke wangu, sikupewa wa kuingizia kitanda."

"Haya. Waombe wenyewe."

Aliwaomba. Aliandika barua tisa, kwa mwandiko wa kulala uliofundishwa zamani, akazituma kwa bodaboda wa mashambani. Majibu yote yalimpenda sana. Mmoja alimwita kaka, mwingine alimwita nguzo ya mtaa, na wote walisema kwamba, kama isingekuwa huyo mgeni anayetarajiwa, wangempa chumba hata leo.

Alitafuta mitaa mingine kwa baiskeli siku tatu mfululizo. Nyumba zilikuwa tele na tupu, na katika kila kibaraza alikuta mtu mmoja aliyeachwa kusubiri.

"Chumba kipo?" aliuliza.

"Kipo, mzee, ila tunasubiri mgeni."

"Hata mimi hapa kwenu ni mgeni. Sijawahi kufika."

"Mgeni wa nje, mzee."

Siku ya tatu alimkuta Kabula sokoni akiuza maziwa ya mgando. Kabula alikuwa mwanamke wa Kisukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe wa mumewe miaka ishirini iliyopita, na nyumba yake ilikuwa mpya kuliko zote kumi na moja. Ukimwacha Mama Octavian, ni yeye pekee ambaye Dionisi hakumwandikia, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa imejaa magunia hadi chumba cha kulala. Alipoelezwa mambo yalivyo, alicheka hata akashika meza.

"Baba Dionisi, mimi nilipokuja kununua kiwanja hapa mlisemaje? Wageni wa ng'ombe wamepandisha bei! Mama Octavian hakunisalimia miezi sita. Leo wanafagia barabara kumpokea mgeni wa ndege. Namshukuru Mungu, mwaka huu nimekuwa mwenyeji."

"Unanicheka?"

"Nawacheka wao. Wewe nakuhurumia. Chukua maziwa."

Wageni themanini walifika katikati ya Februari. Mtaa mzima, au tuseme wasubiriaji wa mtaa mzima, walijipanga barabarani wamevaa nguo za Jumapili. Malori yalipita moja baada ya jingine bila kupunguza mwendo, na juu ya malori kulikuwa na nyumba. Nyumba za bati, zimekamilika, zina madirisha, milango na viyoyozi. Wageni walikuwa wamekuja na nyumba zao, kama konokono, wakaenda kuzipanga kambini kwao, kilomita nyingi kutoka mjini, na hawakuonekana tena isipokuwa mmoja aliyekuja kununua ndizi.

Omega hakukata tamaa. Wiki moja baadaye alimleta mgeni wake, mmoja, ila wa nje kweli, mwenye pasipoti na kibali cha ukaazi. Alikuwa Bwana Owuor, mnunuzi wa mchele kutoka Kisumu, Kenya, mtu mnene, mchangamfu, aliyetaka kukaa karibu na mpunga tangu ungali kijani.

"Huyu ndiye?" alinong'ona mmoja wa wasubiriaji. "Tumeweka choo cheupe kwa ajili ya Mkenya?"

"Shilingi yake ina nguvu," alijibu Omega kwa ukali. "Nyamazeni."

Kuonyesha nyumba kulikuwa kazi ya Dionisi, kwa kuwa funguo zilikuwa zake. Na hapo ndipo Omega alipogundua kosa ambalo hakuna dalali wa mji mwingine angeweza kulifanya: alikuwa amemkabidhi biashara yake mtu anayezijua nyumba zile kwa miezi yote kumi na miwili.

"Nyumba hii ina vyumba vinne," alisema Omega mbele ya nyumba ya kwanza. "Imara. Ya kisasa."

"Ni nyumba nzuri sana hadi Februari," alisema Dionisi.

Owuor aligeuka. "Na Machi?"

"Machi maji huingia kwa mlango wa jikoni na kutokea sebuleni. Ukifungua milango yote miwili hayasumbui, yanapita tu."

"Mzee anatania," alisema Omega.

"Sitanii, kijana. Mwaka jana yalipita na kambare."

Katika nyumba ya pili alieleza kwamba popo wa chumba cha kushoto ni wapole, ila wa kulia wanakojoa. Katika ya tatu alimwonyesha Owuor mahali pa kuweka kitanda, pale pekee pasipovuja, palipozungushiwa chaki. Omega alimvuta shati pembeni.

"Mzee, unaniharibia! Wewe sema tu 'karibu' kisha nyamaza."

"Akilowa nani atamweleza?"

"Atakuwa ameshalipa!"

"Na sufuria nitaleta mimi," alisema Dionisi, bila hasira, kwa kuwa ndivyo ambavyo ingekuwa.

Owuor alifurahia ziara ile kuliko sinema. Kila mlango ulipofunguliwa alisema, "Haya mzee, hii nayo iko na nini?" na Dionisi alimweleza kwa mpangilio: kwanza paa, pili kuta, tatu wadudu. Walimaliza nyumba tisa. Ya Kabula waliipita kwa sababu ya magunia. Ya mwisho ilikuwa ya Mama Octavian. Owuor alisimama sebuleni akikitazama choo kilichokaa kati ya makochi.

"Hiki nacho ni kiti cha mgeni wa heshima?"

"Kinasubiri fundi," alisema Dionisi. "Fundi anasubiri mavuno. Paa la hapa mbele linavuja sehemu mbili: juu ya kabati na juu ya choo chenyewe."

Owuor alicheka, kisha akaacha mzaha. "Mzee, niko na swali moja. Nimeuguza kifua mwaka mzima, daktari amenikataza unyevu. Katika hizi nyumba zote, hakuna hata chumba kimoja ambacho hakivuji?"

Omega alifungua kinywa. Dionisi aliyatazama matone ya mvua dirishani. Alijua jibu vizuri kuliko alivyojua sala ya asubuhi. Vipo viwili. Bati lake alilipaka lami kila Novemba, akisimama juu ya kiti na kutumia fagio refu. Moto wa Kristina uliwaka humo mwaka hata mwaka. Ukuta wake ulikuwa mkavu kama biskuti. Ilimtosha kusema "hakuna," nao wangeenda zao, na jioni angelala kitandani kwake. Kwa muda wa kumeza mate alilitamani neno hilo. Lakini mtu huyu alikuwa amemwuliza kuhusu kifua chake, na Dionisi hakujua namna ya kulidanganya bati.

"Vipo viwili," alisema. "Uani. Ni vyangu."

Omega, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alimtazama kwa upendo.

Owuor alichukua nyumba ya mbele na uani pamoja, akalipa mwaka. Hakuambiwa kwamba mzee atakosa pa kwenda. Alidhani mtu mwenye funguo kumi na moja ana makao mengi ya kuchagua. Mama Octavian alituma salamu na sukari kilo mbili.

Dionisi hakuhama siku ileile. Kwanza alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: alipanda bodaboda, akazunguka mashamba siku mbili, na akamrudishia kila mwenye nyumba ufunguo wake, pamoja na karatasi yenye maelezo ya paa, kuta na wadudu.

"Sasa baba, nani atatulindia?" aliuliza Mama Octavian huko Mbingu.

"Mlinzi wa mtaa ni mtu wa mtaa, mama. Mimi sasa ni mtu wa Idete."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, wala hakukusudia kumchoma mtu.

Kristina alimpokea kwa ugali na maneno. Kibandani kwake kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja na kuku. Juu ya dungu, ngazi saba kwenda juu, kulikuwa na kitanda kizuri cha mabua. Dionisi aliitazama ngazi ile kama mshtakiwa anavyokitazama kizimba. Alilala kibandani na kuku. Cherehani aliiweka chini ya dungu, na ikaonekana kwamba ndege waharibifu waliuogopa mlio wake kuliko debe. Kwa wiki nzima Kristina alipumzika, akimsihi ashone chochote, hata matambara. Wiki ya pili ndege waliuzoea, wakaanza kutua juu ya kitambaa.

Mjini, mambo yalikwenda kama bonde linavyotaka. Machi haikuisha kabla maji hayajapita jikoni hadi sebuleni. Popo waliongeza familia. Kenge aliingia katika nyumba ya katekista akakataa kutoka. Wenye nyumba walianza kwenda na kurudi, siku mbili mjini, siku tano shambani, na katika siku mbili hizo ndege walikula kama wenye harusi. Sasa ilikuwa Aprili, mpunga umejaa maziwa, na hakuna mtu mwenye akili anayeacha shamba lake Aprili.

Owuor alivumilia wiki tano. Vyumba vilikuwa vikavu, hakuvilaumu. Lakini wasubiriaji walikuwa wamerudi mashambani, naye alikuwa mtu peke yake katika mtaa wa nyumba kumi na moja. Hapakuwa na wa kumsalimia, wa kumwuzia nyanya, wala wa kumwambia sauti ile ya usiku ni ya nini. Mwishowe alihamia gesti ya katikati ya mji, akamwambia Mama Octavian kwamba atarudi siku mtaa utakapokuwa na mtu. "Mama, nilikodi nyumba," alisema. "Wewe ulinipatia makaburi. Ama umrudishe yule mzee uani, mimi nibaki huku mbele, ama unirudishie pesa yangu." Pesa ilikuwa imekwisha kuwa vigae.

Ndiyo ikawa, asubuhi moja, wenye nyumba kumi na mmoja walifika Idete kwa pikipiki na baiskeli, wakiongozwa na Kabula, ambaye nyumba yake nayo ilikuwa imepoteza gunia tatu kwa ukungu.

Ilitokea kwamba asubuhi ileile Dionisi alikuwa juu ya dungu. Nguruwe pori alikuwa amempita karibu na kibanda alfajiri, naye alijikuta juu kabla hajakumbuka kiapo chake. Kupanda kulimalizika salama. Tatizo lilikuwa kushuka. Kristina alikuwa amekwenda kisimani, na Dionisi alikuwa amekaa katikati ya kichanja kwa saa tatu, akiwa ameshikilia nguzo mbili.

"Mwangaluka, baba!" aliita Kabula kutoka chini, kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Shuka tuongee."

"Mwangaluka. Siwezi kushuka."

Wakatazamana. "Amekasirika," alisema katekista kwa sauti ya chini.

"Baba," alisema Mama Octavian, "tumekuja kukuomba urudi mtaani. Owuor anataka nyumba ya mbele tu. Vyumba vyako viwili ni vyako, kodi ileile. Shuka."

"Nimefurahi sana, mama. Lakini kushuka siwezi."

"Amekaza," alinong'ona mwingine. "Ongeza."

"Kodi ileile kwa miaka miwili, haipandi!"

"Si suala la kodi. Ngazi hii…"

"Miaka mitano!" alipaza sauti Mama Octavian, jasho likimtoka. "Miaka mitano, kwa maandishi!"

"Na muhuri wa mtendaji," alidakia katekista.

"Na madebe yawe mawili kwa kila nyumba," alisema Kabula, ambaye alikuwa ameanza kuelewa, na macho yake yalicheka.

Hapo Kristina akatokea na ndoo kichwani. Aliwatazama watu kumi na mmoja, akamtazama mumewe huko juu, akatua ndoo.

"Mmefanya nini hata ameganda hivyo? Dionisi! Unaogopa?"

"Naogopa," alikiri Dionisi. "Nimeogopa tangu alfajiri. Shika ngazi."

Kristina alishika ngazi. Dionisi alishuka kinyumenyume, ngazi baada ya ngazi, huku wajumbe wakimtajia mahali pa kuweka mguu. Alipofika chini alikung'uta mabua kwenye suruali, akawasalimia kwa mikono mmoja mmoja, kisha akasema lililomkaa moyoni.

"Ndugu zangu, mmeahidi mengi mkidhani nimewakasirikia. Mimi nilikuwa naogopa ngazi tu. Anayetaka kuyafuta maneno yake, ayafute sasa, sitamlaumu."

Mama Octavian aliyahesabu maneno yake mwenyewe kwa vidole, akafika miaka mitano, akajaribu kurudi nyuma kidole kimoja.

"Maneno yaliyosemwa mbele ya ndege wote hawa hayarudi, mama," alisema Kabula.

"Miaka mitano," alisema Mama Octavian, akakunja ngumi.

Mkataba uliandikwa Jumatatu, ofisini kwa mtendaji, kwa mwandiko wa kulala. Dionisi aliusoma mara tatu na kusahihisha alama mbili za mkato, kisha akapokea tena zile funguo kumi na moja. Debe la pili alilikataa. Alisema debe moja lilimtosha, na Kristina alimkanyaga mguu ule mzima.

Walirudi mjini kwa bajaji, wakiwa wamepakata cherehani. Bwana Owuor, aliyekuwa amerudi kutoka gesti na kuweka kitanda chake sebuleni mbele, mbali na yale matundu mawili ya paa, alitoka kuwapokea na kusaidia kubeba. Aliuliza mara nne kama ni kweli wanakaa, kisha akauliza ile sauti ya usiku, inayofanana na mtu anayekohoa, ni ya nini.

"Popo-matunda," alisema Dionisi. "Dume. Anatafuta mchumba. Akimpata atanyamaza, labda Juni."

Owuor alikwenda kulala akiwa na amani.

Kristina aliwasha moto uani. Dionisi aliingia chumbani, akafagia mara moja, akafagia tena pembeni, akatandika kitanda mahali pake pa zamani, kisha akakichukua chandarua. Kulikuwa na misumari minne ukutani, aliyoipigilia mwenyewe katika kimo cha mtu aliyesimama chini. Alifunga kamba ya kwanza, ya pili, akazunguka kitanda akichechemea, akafunga ya tatu. Ya nne ilikuwa imefupika kwa unyevu wa shambani, basi akaiunga kwa kipande cha uzi, akaivuta taratibu, akakaza fundo, akachomeka chandarua chini ya godoro pande zote nne.